Taa Haioshi Damu: Ukweli wa Mwanga na Chembe Ndogo Katika Ugonjwa wa Figo



Juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na mazungumzo yetu juu ya kuwatunza wazee majumbani. Ahadi ni deni, nami nitailipa inshaallah. Lakini limetokea jambo katika ukoo wetu ambalo nimeona si haki kulinyamazia, kwa kuwa naamini haliko kwetu peke yetu. Na kwa hakika nalo linahusu kuwatunza wazee, ila kwa mlango mwingine.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ni mgonjwa wa figo. Huu ni mwaka wa tatu tangu figo zake zote mbili zishindwe kazi. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi huamka kwa swala ya alfajiri, hunywa chai nusu kikombe, maana maji kwake hupimwa, kisha mwanawe humpeleka hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafishia damu. Huko hukaa kwa muda wa saa nne, sindano mbili nene zikiwa mkononi. Akirudi huwa hoi, hata sauti haimtoki. Gharama zake tunachangishana ndugu, na kila mwisho wa mwezi hapakosekani wa kuuliza, kwa sauti ya chini, tutaweza mpaka lini.

Katika hali hiyo ya uchovu ndipo alipobisha hodi muuzaji mmoja. Alikuja na mkoba safi, na maneno safi zaidi. Alitoa taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, ya kufungwa kifundoni mwa mkono, na chupa ya matone aliyosema yana “chembe za nano”. Mgonjwa anywe matone, kisha ajimulike nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mwanga utaziamsha chembe zilizomo ndani ya damu, nazo zitaivunja sumu ya figo papo hapo, na mashine haitahitajika tena. Alipoona tunasita, alifungua simu yake akatuonyesha habari ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, picha na maelezo, kwamba wanasayansi wa huko wanaivunja sumu ya figo kwa mwanga.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. “Wanangu,” alisema, “mimi nimechoka kuchomwa, na nyinyi mmechoka kutoa, ingawa hamsemi. Hebu tujaribu.” Nani angemjibu? Taa ikanunuliwa.

Alhamisi hakwenda hospitali. Jumamosi pia hakwenda. Usiku wa kuamkia Jumapili alishindwa kulala chali. Kila akijinyoosha pumzi ilimkatika kama mtu anayezama, na miguu ilikuwa imevimba hata kidole kikiibonyeza kinaacha shimo. Tulimkimbiza hospitali usiku ule ule. Alhamdulillahi, Mwenyezi Mungu alimpa nusura, na leo ninapoandika yupo, ameketi barazani. Lakini muuguzi aliyempokea alituambia neno ambalo sitalisahau: kama tungengoja kupambazuke, huenda tungekuja kuchukua maiti.

Ndugu msomaji, lililoniuma zaidi katika kisa hiki si fedha. Ni kwamba nusu ya maneno ya yule muuzaji yalikuwa kweli. Uongo mtupu hujulikana upesi. Uongo uliochanganywa na kweli ndio unaoingia majumbani mwetu na kuketi kitako. Habari aliyotuonyesha ilikuwa ya kweli. Wapo wataalamu wanaotumia mwanga na chembe ndogo mno kuivunja sumu ya figo. Kwa hiyo nimeona wajibu wangu ni kutenganisha mchele na chuya: kweli ni ipi, na uongo uliingilia wapi.

Na tuanze na figo zenyewe. Mwanadamu amepewa figo mbili, kila moja ikiwa na vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja majimaji ya damu kiasi cha lita 180, kisha mwili huyarudisha karibu yote, na kinachobakia, lita moja hadi mbili, ndicho kinachotoka kuwa mkojo. Katika mkojo huo hutolewa mambo mengi kwa mara moja: maji yaliyozidi, chumvi iliyozidi, madini kama potasiamu, asidi, na taka zitokanazo na chakula.

Taka iliyo nyingi kuliko zote huitwa yurea. Tunapokula nyama, samaki, maharage au mayai, mwili huzitumia protini zake, na mabaki yake hugeuzwa na ini kuwa yurea. Wakulima wataitambua mara moja, kwa sababu ndiyo ile ile yurea inayouzwa kwa mifuko kuwa mbolea ya mahindi. Mwaka 1828 mwanakemia wa Kijerumani, Friedrich Wöhler, aliitengeneza maabarani bila figo wala mnyama, jambo lililowastaajabisha watu wa zama zake. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huzalisha yurea ya gramu 15 au zaidi kwa siku, mfano wa kijiko kikubwa cha chumvi. Ikijikusanya pamoja na taka nyingine, huleta kichefuchefu, mwasho, usingizi mzito, na hatimaye mauti.

Njia ya kuitoa taka hiyo kwa mashine ina historia ya kuzingatiwa. Katika Vita Kuu ya Pili, nchi ya Uholanzi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Kijerumani, daktari kijana aitwaye Willem Kolff aliunda mashine katika mji mdogo wa Kampen mwaka 1943. Alichukua utando mwembamba unaotumiwa kufungia soseji, akauzungusha juu ya pipa la vibao, na pipa likazunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya utando. Taka zikapenya kwenda kwenye maji, na damu ikabaki. Wengi wa wagonjwa wake wa mwanzo walifariki. Ndipo mwaka 1945 mwanamke mmoja wa miaka 67, aliyekuwa amezimia kwa ugonjwa wa figo, alipoamka baada ya damu yake kusafishwa.

Hata hivyo mashine ile iliweza kumsaidia mtu kwa siku chache tu, kwa kuwa kila mara mishipa ya damu iliharibika kwa kutobolewa. Aliyelifungua fundo hilo ni Belding Scribner, daktari wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa Seattle, Marekani. Mwaka 1960 alitengeneza kimrija cha kudumu kilichofungwa mkononi, ambacho damu iliweza kutoka na kurudi kupitia humo bila kutoboa mshipa upya. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, ambaye bila ya hapo angekufa katika muda mfupi, aliishi miaka 11 zaidi.

Lakini mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Pale Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliundwa kamati ya watu wa kawaida, wasiotajwa majina, kazi yao ikiwa ni kuchagua nani aunganishwe na mashine na nani aachwe. Walitazama kazi ya mtu, watoto wake, mwenendo wake. Tukisikia hayo leo tunashtuka. Lakini hebu tujiulize: katika miji yetu hivi sasa, kamati ni nani? Mara nyingi kamati ni mfuko wa fedha. Mwenye bima au ndugu wa kuchanga huenda. Asiyekuwa nacho hubaki nyumbani. Ndiyo maana habari ya taa inayoondoa haja ya mashine hupata masikio upesi.

Sasa, kwa nini wataalamu wenyewe hawaridhiki na mashine? Zingatia hesabu hii. Maji ya dawa yanayopita upande wa pili wa utando hutiririka nusu lita kila dakika. Kwa saa nne ni lita 120, nayo lazima yawe maji yaliyosafishwa mno. Kwa juma la mara tatu ni lita 360, na yote hutumika mara moja yakamwagwa. Hesabu ya pili ni ya muda. Juma lina saa 168. Figo nzima hufanya kazi saa hizo zote bila kupumzika, ilhali mashine hufanya kazi saa 12 tu. Katika saa nyingine 156 taka na maji hujilimbikiza, kisha huondolewa kwa mkupuo. Si ajabu mgonjwa kurudi hoi.

Laiti maji yale yangeweza kusafishwa na kutumiwa tena na tena! Hapo lita chache tu zingetosha, mashine ingekuwa ndogo ya kubebeka, na mgonjwa angesafishwa polepole kwa muda mrefu akiwa kazini kwake, msikitini au safarini. Taka nyingi hunaswa kwa mkaa maalumu unaotumika kuchujia. Yurea ndiyo kikwazo. Ni nyingi, na mkaa huishika kwa shida sana. Tangu miaka ya 1970 imetumika pia njia ya kimeng’enya kinachoivunja yurea, lakini njia hiyo huizalisha amonia, ambayo nayo ni sumu na yahitaji kunaswa na kitu kingine tena.

Hapo ndipo mwanga unapoingia katika kisa chetu.

Mwaka 1967 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Akira Fujishima, akiwa chini ya mwalimu wake Kenichi Honda, alitumbukiza majini kipande cha titaniamu dioksidi akakimulika kwa taa kali. Aliona viputo vikitoka. Maji yalikuwa yakitengana kuwa oksijeni na haidrojeni, na kilichofanya kazi hiyo ni nguvu ya mwanga. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1972 na ikafungua elimu nzima.

Titaniamu dioksidi si kitu kigeni kwetu. Ni ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za ukutani, katika dawa nyingi za meno, na katika mafuta ya kujikinga na jua. Ukikaa gizani umetulia kama chokaa. Lakini ukipigwa na mwanga wenye nguvu ya kutosha, hasa miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni, elektroni zake huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo lina uchu wa kunyang’anya elektroni ya kitu chochote kilichogusana nalo. Likiinyang’anya maji, huzaliwa chembe kali mno zinazokishambulia kila kitu cha asili ya uhai kilicho karibu, zikikikata vipande mpaka mwisho wake kinakuwa hewa ya kaboni dioksidi, maji na vitu vingine vyepesi. Unga wenyewe hauliwi katika kazi hiyo. Hubaki kama ulivyokuwa, ukingoja mwanga mwingine.

Na kwa nini iwe chembe ndogo? Kwa sababu kazi yote hufanyika juu ya uso wa chembe, wala si ndani yake. Nanomita moja ni sehemu moja katika milioni elfu za mita. Unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chukua kipande cha mraba chenye sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, hautoshi hata kubandikia stempu mbili. Kikate vipande vya nanomita 10 kila kimoja, na ujumlishe nyuso zao zote: utapata mita 600 za mraba, yaani kiwanja cha nyumba cha mita 20 kwa 30. Kitu ni kile kile, uzito ni ule ule, bali mahali pa kufanyia kazi pameongezeka mara milioni moja.

Turudi Seattle sasa, katika chuo kile kile alichofanyia kazi Scribner. Mwaka 2019 mtaalamu Guozheng Shao pamoja na Bruce Hinds na mwenzao walichapisha utafiti juu ya mfumo wa kuivunja yurea kwa mwanga. Waliotesha nyuzi za titaniamu dioksidi zenye wembamba wa kiasi cha nanomita, zikasimama kama nyasi za zulia. Juu ya zulia hilo wakapitisha maji yenye yurea, na wakayamulika kwa vitaa vidogo vya urujuanimno. Yurea ikavunjika, sehemu kubwa ikawa naitrojeni, ambayo ndiyo hewa iliyo nyingi kuliko zote tunayoivuta kila siku, pamoja na kaboni dioksidi na maji. Lengo lao ni kwamba siku moja mfumo huo uwe ndani ya mashine ndogo ya kubebwa, uyasafishe maji ya dawa ili yatumike tena.

Soma tena mstari huo, ndugu yangu, kwa sababu ndimo ilimofichwa tofauti yote. Wanasafisha maji ya dawa. Hawamulikii damu. Damu ya mgonjwa hubaki upande wake wa utando, na mwanga na nyuzi hubaki upande wa pili. Kwa nini wametenga hivyo? Kwa sababu zile chembe kali zinazozaliwa na mwanga hazina macho. Haziwezi kuijua yurea zikaiacha seli ya damu. Kinachovunja sumu huvunja na uhai.

Hata katika maji yale ya dawa, kazi bado haijakwisha. Maji hayo yana chumvi, na chumvi ikishambuliwa na mapengo yale yaweza kuzaa aina za klorini zenye madhara. Kwa hiyo watafiti hulazimika kuhakikisha kwamba yurea ndiyo inayovunjika na si chumvi, kwamba kinachotoka baada ya kuvunjika si kibaya kuliko kilichoingia, na kwamba maji yanachujwa kabla ya kurudi karibu na damu ya mtu. Hadi ninapoandika makala haya hiyo ni kazi ya maabara, wala si tiba inayouzwa dukani, seuze mkobani.

Sasa tumpime muuzaji wetu kwa mizani hii.

Alisema mwanga wa taa utaifikia damu. Miale ya urujuanimno haipenyi ngozi ila kwa kina kidogo mno. Ingekuwa inapenya, kila anayevua samaki juani angekuwa amekwisha unguzwa viungo vya ndani. Kinachoweza kufanywa na taa kali ya namna hiyo ni kuichoma ngozi na kuyadhuru macho.

Alisema matone yana chembe ziendazo kwenye damu. Hatujui chupani mlikuwa na nini. Lakini hata kama kweli ulikuwa ni unga ule, si kitu cha kunywa kwa matumaini. Mwaka 2021 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema hawawezi kuondoa shaka kwamba titaniamu dioksidi ikiliwa yaweza kudhuru chembe za urithi, na mwaka 2022 Umoja huo ukapiga marufuku kutiwa katika chakula.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Chukulia kwamba taa ingeifikia damu, na chukulia kwamba yurea ingevunjika yote bila kudhuru chochote. Shangazi yangu bado angezama usiku ule. Kilichomkaba si yurea. Kilikuwa maji yaliyojaa mapafuni kwa kuwa hayakuwa na pa kutokea, na mwanga hauondoi maji mwilini. Na kilichokuwa kikiunyemelea moyo wake ni potasiamu. Yurea ni kitu kilichoundwa kwa vitu vingine, kwa hiyo chavunjika. Potasiamu ni elementi. Haina vipande vya kuvunjiwa. Uimulike mchana kutwa na usiku kucha, itabaki potasiamu ile ile. Njia ya kumwepusha nayo mgonjwa ni kuitoa, nayo hutolewa na figo au na mashine. Ikizidi katika damu, moyo huweza kusimama ghafla, pasipo onyo.

Hapa sina budi kusema na kina mama na kina dada wanaopika majumbani. Mgonjwa wa figo aliyefikia hatua ya mashine hapewi chakula kwa huruma, hupewa kwa kipimo. Tende, dafu, ndizi, maharage na viazi vina potasiamu kwa wingi. Vyote ni vyakula vyema, na vyote ndivyo vinavyopamba sinia zetu za futari. Mgeni anayempelekea mgonjwa wa mashine madafu mawili na bakuli la tende amefanya wema kwa nia, lakini huenda amempelekea hatari. Muulizeni daktari wake au mtaalamu wa lishe: ale nini, kiasi gani, na anywe maji kiasi gani kwa siku. Viazi na mboga nyingine hupunguza potasiamu zikikatwa vidogo, zikachemshwa kwa maji mengi, na maji hayo yakamwagwa. Na mgonjwa anayetaka kufunga katika Ramadhani asijiamulie mwenyewe. Azungumze kwanza na daktari wake, kisha na sheikh anayemwamini.

Kwa wale ambao figo zao bado zinafanya kazi, kinga haina taa wala nano. Maradhi mawili ndiyo yanayoua figo nyingi: kisukari na shinikizo la damu. Yote mawili huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Kipimo cha sukari, kipimo cha shinikizo la damu na kipimo cha mkojo ni vya muda mfupi, na mtu aliyepita miaka 40, au mwenye mzazi aliyepata maradhi hayo, asingoje kuumwa ndipo apime. Jambo la pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake zikimezwa kila siku kwa mgongo na magoti, bila ya daktari kujua, huzichosha figo, hasa za wazee. Vivyo hivyo mitishamba ambayo hakuna aliyeipima wala ajuaye kipimo chake.

Na atakapokuja muuzaji mwingine, kwa maana atakuja, muulizeni maswali matatu kwa adabu. La kwanza: habari hii unayotuonyesha ni ya kifaa hiki hiki unachouza, au ni ya kitu kingine kinachofanana nacho kwa jina? La pili: ni wagonjwa gani waliotibiwa nacho, na mamlaka gani ya nchi yetu imekisajili kuwa ni tiba? La tatu: upo tayari twende pamoja kwa daktari wa mgonjwa wetu, ukamweleze mbele yetu? Mwenye kweli halikimbii swali la tatu. Sisi tulipompigia simu kumwomba hivyo, simu haikupokelewa tena.

Sisemi haya ili tuidharau elimu mpya. Kinyume chake. Shangazi yangu yuko hai kwa elimu iliyokuwa mpya katika siku za Kolff na Scribner, na wagonjwa wao wa mwanzo nao walikuwa wameambiwa hakuna la kufanya. Huenda watoto wetu wakaja kuona mashine ya figo inayobebwa begani, ikiyasafisha maji yake yenyewe kwa mwanga. Tunaomba iwe hivyo, na vijana wetu wanaosoma kemia na fizikia wajue kwamba kazi hiyo haijakwisha, bado ina nafasi yao. Lakini kati ya jambo lililothibiti maabarani na jambo la kumpa mama yako pana njia ndefu, na anayesema ameiruka njia hiyo mtazameni vizuri.

Jumanne iliyopita nilimpeleka shangazi mwenyewe. Alipokwisha kuunganishwa, aliitazama damu yake ikipita katika mirija, akaniuliza ile taa tumeipeleka wapi. Nikamwambia ipo kabatini. “Basi wape watoto,” akasema, “wachezee.” Nikamjibu hapana shangazi, hata watoto haiwafai, itawaunguza macho. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu usiku ule, akafumba macho kungoja saa nne zipite. Nilipokuwa nje niliwapigia ndugu zangu simu mmoja mmoja. Tumekubaliana upya juu ya mchango wa kila mwezi, na safari hii hakuna aliyeuliza mpaka lini.

Juma lijalo, inshaallah, nitalipa lile deni la mazungumzo yetu juu ya wazee.

Wabillahi tawfiq.